Kijicho cha Muumini: Imani, Husuda na Mafanikio ya Asiyeamini katika Fasihi ya Mwambao wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maswali ya kimaadili ambayo fasihi ya Afrika Mashariki imeyarithi kutoka katika Biblia, ni machache yaliyo kongwe na yenye kuudhi kama lile la Asafu, mwimbaji wa hekaluni, katika Zaburi ya 73. Asafu hasemi kwamba aliacha kuamini. Anasema kwamba nusura ateleze alipowatazama watu wasiomjali Mungu wakiwa na afya, mali na utulivu, ilhali yeye aliyejitahidi kuishi kwa usafi hakupata hata siku moja ya nafuu. Nabii Yeremia aliuliza swali lilo hilo, na Ayubu pia. Lakini Asafu anatofautiana nao kwa jambo moja: analitaja jina la ugonjwa wake. Anakiri kwamba alihusudu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo jinsi linavyojitokeza Kisumu na katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kwa kuzingatia zaidi riwaya mbili za waandishi wanawake wenye asili ya mwambao huo: The Promised Land (1966) ya Grace Ogot na The River and the Source (1994) ya Margaret Ogola. Hoja inayotetewa ni kwamba husuda ya muumini haitibiki kwa kumhakikishia kuwa asiyeamini ataanguka. Ahadi ya namna hiyo ni husuda iyo hiyo iliyoahirishwa. Imani iliyopona ni ile iwezayo kuyatazama mafanikio ya asiyeamini, ikayaita mema pale yanapokuwa mema na dhuluma pale yanapokuwa dhuluma, bila kuyahitaji yaporomoke ili yenyewe isimame. Katika mwambao huu hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa asiyeamini ambaye Mkristo wa kwanza alimtazama hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa baba yake, mama yake au bibi yake.

2.0 Wivu, husuda, ghera na kijicho

Uchunguzi wa suala hili hauna budi kuanza na lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa kana kwamba ni visawe. Wivu ni neno pana. Mtu huweza kuona wivu juu ya kile kilicho chake mwenyewe, kama mume juu ya mkewe, na Biblia ya Kiswahili humwita Mungu mwenyewe kuwa ni mwenye wivu. Husuda ni neno finyu zaidi na la kutisha zaidi. Ni uchungu wa kuiona neema kwa mwingine, pamoja na tamaa kwamba neema hiyo imwondokee, hata kama mwenye kuhusudu hatapata chochote kwa kuondoka kwake. Ndiyo maana hunenwa kwamba hasidi hana sababu. Ghera, kwa upande wake, ni hamu ya kufika alipofika mwenzio. Mtu hutiwa ghera na mfano mwema. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu balagha, alizitenganisha hali hizi mbili kwa namna inayokaribiana na hii: mwenye ghera huumia kwa kuwa yeye hana, mwenye husuda huumia kwa kuwa mwingine anacho.

Historia ya Kisumu inatoa mfano wa ghera ulio bayana. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, biashara ya mji uliokuwa ukichipuka ilishikwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wengi wao Wahindu na Waislamu. Oginga Odinga, aliyesoma na baadaye kufundisha Maseno, anaeleza katika tawasifu yake ya 1967, Not Yet Uhuru, jinsi alivyowahimiza Waluo kuchanga fedha na kuanzisha shirika la akiba na biashara, ambalo liliandikishwa mwaka 1947 na kujenga jumba la Ramogi mjini Kisumu. Shirika hilo lilikuwa na matatizo yake, wala halikuubadilisha uchumi wa mji kwa siku moja. Hata hivyo, msukumo wake wa msingi ulikuwa kwamba Mwafrika naye afungue duka. Hiyo ndiyo ghera.

Neno la nne, kijicho, lina fundisho lake. Kimaumbile ni udogo wa jicho. Kilatini nacho kililijenga neno lake la husuda juu ya kitenzi cha kuona. Aidha, katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, kwenye Injili ya Mathayo, mwenye shamba anamuuliza mfanyakazi anayenung'unika kama jicho lake limeharibika kwa sababu bwana amekuwa mkarimu kwa wengine. Lugha hizi zote zinaelekea kukubaliana kwamba husuda, kabla haijawa tendo, ni namna ya kutazama. Mfanyakazi yule hakupunjwa. Alipata alichoahidiwa, kilichomwumiza ni kuona alichopata mwenzake.

Dholuo inaongeza jambo ambalo Kiswahili hakilisemi waziwazi. Husuda huitwa nyiego, na mke mwenza huitwa nyieka. Undugu wa maneno haya mawili hauhitaji mtaalamu wa isimu kuubaini. Wake wenza huishi katika boma moja, mbele ya mume mmoja, na kila mmoja aweza kuhesabu alichopewa mwenziwe. Nyiego basi ni maradhi ya ujirani. Mchuuzi wa Kisumu hamhusudu tajiri wa New York. Humhusudu mchuuzi wa meza ya pili.

Hapa pana tanbihi ambayo wahakiki wa Zaburi ya 73 hawaisisitizi ipasavyo. Mtu asiyeamini kuwa riziki ina mgawaji anaweza kuichukia bahati ya jirani, lakini hawezi kuhisi kwamba amependelewa mwingine. Muumini ndiye anayejua kwamba wote wawili, yeye na yule asiyesali, wanakula kutoka mkono mmoja. Husuda ya Asafu inawezekana tu ndani ya imani. Ni nyiego katika maana yake ya asili: ni lawama kwa mwenye boma, inayopitia kwa mke mwenza. Kwa hiyo haitoshi kumwambia muumini mwenye husuda aongeze imani. Imani yake ndiyo iliyompa kipimo cha kulalamikia.

3.0 Majibu matatu kwa Asafu

Katika mahubiri na katika fasihi, Asafu amejibiwa kwa njia tatu.

Jibu la kwanza ni la ujira. Linadai kwamba mwenye haki hufanikiwa, na kama bado hajafanikiwa, atafanikiwa karibuni. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba chanda chema huvikwa pete hutumiwa kulitetea, na tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 injili ya mafanikio imelihubiri kwa vipaza sauti katika miji ya Kenya, Kisumu ikiwamo. Udhaifu wake ni kwamba haliondoi husuda, bali huihamisha. Ikiwa gari na nyumba ni ushahidi wa upendeleo wa Mungu, muumini asiye navyo sasa ana watu wengi zaidi wa kuwahusudu, wakiwemo wale walioketi naye benchi moja kanisani. Zaidi ya hayo, jibu hili linakipokea kipimo cha asiyemjali Mungu bila kukihoji. Linasema tu kwamba muumini ndiye atakayeshinda kwa kipimo hicho.

Jibu la pili ni la mwisho. Linasema kwamba mpanda ngazi hushuka, subiri, utaona. Jibu hili lina msingi katika Zaburi yenyewe, kwa kuwa Asafu alipoingia patakatifu pa Mungu aliutambua mwisho wa wale aliowahusudu. Lakini ndilo lililompa Friedrich Nietzsche silaha yake kali kuliko zote. Katika kitabu chake cha 1887 kuhusu nasaba ya maadili, Nietzsche alidai kwamba maadili ya Kikristo yalizaliwa na kinyongo cha wanyonge wasioweza kulipiza kisasi, wakakiweka kisasi hicho mbinguni; na kama ushahidi aliwataja Tomaso wa Akwino na Tertuliano walioandika kuhusu furaha ya watakatifu wanapoyaona mateso ya waliohukumiwa. Si haki kuupuuza ushahidi huo kwa sababu tu msemaji wake ni adui wa imani. Muumini anayelala usingizi kwa kufikiria kuanguka kwa jirani yake hajaacha kuhusudu. Amebadilisha wakati tu.

Jibu la tatu hupatikana kwa kuusoma wimbo wa Asafu hadi tamati na kwa utaratibu wake. Wimbo una aya 28. Kuingia patakatifu ni katika aya ya 17, na habari za mwisho wa waovu zinafuata mara moja. Lau hilo lingekuwa ndilo jibu, wimbo ungeweza kukomea pale. Badala yake, baada ya kuuona mwisho huo, Asafu hashangilii. Anaona aibu. Anajilinganisha na mnyama asiye na akili, na toba hiyo inakuja baada ya ufunuo, si kabla yake. Kisha lugha inabadilika: hasemi tena juu yao, anasema na Mungu, na anachokitaja kuwa ni chema kwake si mali iliyorudi bali ni ukaribu. Ni kweli kwamba aya ya 27 inarudia kuonya juu ya maangamizi, na mhakiki mwaminifu hawezi kuifuta. Hata hivyo, neno la mwisho halikuachiwa maangamizi.

Kuna jambo jingine dogo katika wimbo huo ambalo ni kubwa kimaadili. Kabla ya kuingia patakatifu, Asafu anaeleza kwamba aliuzuia ulimi wake, kwa kuwa kuyatangaza mawazo yale kungekuwa ni kuwasaliti wana wa Mungu waliokuwa wakimtegemea. Hakuificha husuda kwa unafiki, kwa maana baadaye aliimba juu yake mbele ya kusanyiko zima. Alikataa tu kuifanya kuwa fundisho wakati bado inamtawala.

4.0 Soko na ufuo

Hoja ya kifalsafa isiyopimwa kwa maisha huwa nyepesi. Mtaa wa Kibuye mjini Kisumu unatoa kipimo kimoja. Hapo lipo soko la wazi ambalo siku yake kubwa ni Jumapili, na katika mtaa huo huo lipo kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Teresia. Mchuuzi Mkristo anayeishika Jumapili anajua kwa hesabu, wala si kwa nadharia, kile ambacho ibada inamgharimu. Upande wa kusini wa Ghuba la Winam, ambako Waadventista Wasabato wamekuwako tangu walipofungua misheni ya Gendia mwaka 1906, hesabu iyo hiyo hufanywa Jumamosi. Mahali patakatifu na mahali pa biashara vimekaribiana kiasi kwamba mtu asikiaye nyimbo aweza pia kusikia mnada.

Katika mfano huu hakuna aliyekosa. Anayeuza mitumba Jumapili hamwibii anayesali. Ikiwa muumini anamkunjia uso, basi tatizo ni jicho lake. Sadaka ya siku moja katika saba ina maana kwa sababu ni hasara. Anayeitoa kisha akamdai Mungu fidia, au akatamani mvua iwanyeshee waliobaki sokoni, anakuwa ameitoa kama mkopo. Injili inasema kwamba mvua hunyeshea pande zote mbili, na mvua za Kisumu hazijapata kuikanusha.

Lakini ufuoni kuna mfano wa pili ambao hauwezi kujibiwa hivyo. Samaki aitwaye mbuta aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980, akaleta viwanda vya kukata minofu na biashara ya nje. Ushindani wa kupata samaki ulipozidi kuwa mkali, katika fuo nyingi ulienea utaratibu uitwao jaboya, ambamo mwanamke mchuuzi huuziwa samaki na mvuvi kwa sharti la kulala naye. Mwanamke anayekataa kwa sababu ya imani yake anarudi nyumbani na beseni tupu, huku akimwona mwenzake akipita na beseni lililojaa. Je, uchungu wake nao uitwe husuda?

Jibu linalotolewa hapa ni la. Uchungu wa mwanamke huyo una sehemu mbili zinazopaswa kutenganishwa. Kuna uchungu unaoelekea kwa mwanamke mwenzake, aliyekubali kwa sababu ana watoto wa kulisha. Huo ukiachwa ukakua utakuwa nyiego, na hauna haki. Kuna pia uchungu unaoelekea kwenye utaratibu wenyewe. Huo ni madai ya haki, na kumhubiria mtu wa namna hiyo kwamba aache kijicho ni kumdhulumu mara ya pili. Husuda hutaka beseni la mwenzio liwe tupu. Haki hutaka beseni lijazwe bila mtu kuuzwa. Wanawake wa ufuo wa Nduru walilifahamu hilo kwa vitendo walipoanza, mwaka 2011, kumiliki mashua zao wenyewe ili wasiwategemee wenye mashua waliodai jaboya. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kuifunika Nduru. Tukio hilo halibatilishi walichokifanya, lakini linakumbusha kwamba hata haki ikitendeka swali la Asafu halifungwi, kwa kuwa mwenye haki na asiye na haki wote huishi kando ya maji yale yale.

Utengano huu ni muhimu kwa uhakiki wa fasihi. Zaburi yenyewe haiwalaumu waliofanikiwa kwa kufanikiwa kwao. Inawalaumu kwa kiburi na jeuri. Muumini anayeshindwa kutofautisha kati ya asiyeamini na mdhalimu huishia kumwita kila mwenye mali kuwa mwovu, au, kwa kuogopa kuonekana mwenye kijicho, kumnyamazia kila mwovu mwenye mali.

5.0 Grace Ogot: husuda kutoka upande wa pili

Grace Ogot (1930–2015) alilelewa katika mazingira yanayolibeba swali hili ndani yake. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya kizungu, akaingia Kanisa la Anglikana na kufundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Kwa baba alijifunza visa vya Agano la Kale. Kwa bibi yake alijifunza ngano za Waluo. Kalamu yake imenywa kutoka visima viwili, na hakuna mahali anapotuonyesha kwamba kimojawapo kilikuwa na sumu.

Katika The Promised Land, jina la riwaya ni la Kibiblia, lakini msuko wake unaigeuza Biblia. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza na kuvuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Wanafanikiwa. Mafanikio yao yanamchoma jirani yao, mzee mganga, na Ochola anapatwa na maradhi ya ajabu ya ngozi ambayo hospitali inashindwa kuyatibu. Anaponywa hatimaye na mganga wa kienyeji, kwa gharama ya kuiacha nchi hiyo na mali aliyoichuma.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama mgogoro kati ya tiba ya kisasa na ya jadi. Usomaji huo una msingi, lakini kwa suala la makala haya jambo kubwa ni tabia ya husuda yenyewe. Ogot anaigeuza picha iliyozoeleka. Hapa anayehusudu si mwimbaji wa hekaluni bali ni mtu wa dawa, na anayehusudiwa ni mgeni mchapakazi. Husuda haina dini. Aidha, jirani yule hapati shamba la Ochola kama matunda ya uchawi wake kwa namna inayoweza kumtosheleza. Anachopata ni kuona tu kwamba mwingine amepoteza. Na Ochola naye hana kinga. Aliondoka kwao akifuata neema iliyo mbali, dhidi ya shauri la wahenga kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Msomaji Mkristo aliyezoea kujiona upande wa Asafu analazimika kujiuliza yeye hutazamwaje anapofanikiwa, na kama mafanikio yake yana nafasi ya jirani.

Hata hivyo, riwaya hii haitoi njia ya kupona zaidi ya kukimbia. Kutoka katika ulimwengu wa husuda, kwa Ogot wa 1966, ni kurudi nyumbani mikono mitupu.

6.0 Margaret Ogola: asiyeamini kama mama

The River and the Source, iliyopata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta na ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza kanda ya Afrika, zote mwaka 1995, inalikabili swali kwa upana zaidi. Ogola (1958–2011), daktari wa watoto na Mkatoliki wa dhati, hakuficha upande aliosimama. Kwa hiyo inatarajiwa kwamba riwaya yake ingempa muumini ushindi rahisi. Kwa sehemu kubwa haifanyi hivyo.

Mhusika wake mkuu wa mwanzo, Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anafanikiwa pasipo kuujua Ukristo. Mali yake inatokana na akili, bidii na uadilifu. Anayemhusudu ni shemeji yake, Otieno Kembo, ambaye baada ya mauti kuitembelea nyumba ile anakikalia kiti cha uchifu na kujitwalia mali ya mjane na mjukuu wake. Akoko hamwombei maangamizi. Anafunga safari hadi Kisumu kuilalamikia serikali ya kikoloni. Safari hiyo inaafikiana kabisa na utengano uliofanywa hapo juu: ni madai ya haki yasiyo na husuda. Anadai kilichoporwa, hadai kwamba Otieno asiwe kitu.

Ukristo unaingia katika ukoo huu baadaye, kwa njia ya majonzi. Nyabera, binti wa Akoko, aliyezika watoto na mume, anaifuata habari ya imani mpya hadi misheni ya Aluor, na wengine wanafuata. Mjukuu wa Akoko, mrithi halali wa kiti kilichokaliwa na Otieno, anabatizwa Peter na kuchagua upadri badala ya uchifu. Uamuzi huu ndio kiini cha riwaya kwa mujibu wa suala hili. Peter hakiachi kiti kwa kuwa ameshindwa kukipata, jambo ambalo lingempa Nietzsche nafasi ya kucheka. Anakiacha kwa kuwa kipimo chake cha kilicho chema kimebadilika. Otieno anakoma kuwa mtu wa kuhusudiwa kwa sababu alichokishika hakitamaniki tena. Asafu angeelewa.

Lakini kuna hoja ambayo Ogola anaidokeza kuliko anavyoitamka. Imani ya Peter na ya Nyabera inasimama juu ya kitu walichokirithi. Ujasiri wa Nyabera wa kuifuata njia asiyoijua ni ujasiri wa mama yake. Mto unaotajwa katika jina la riwaya una chemchemi, na chemchemi hiyo ni mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa, kwa lugha ya wamisionari, mpagani. Akoko mwenyewe anabatizwa uzeeni, lakini wema wake hauanzii kwenye maji ya ubatizo. Mkristo wa mwambao huu anapoyatazama mafanikio ya asiyeamini, anayatazama aghalabu mafanikio yaliyomlea, yaliyomlipia karo na kumlisha. Kuyahusudu ni utovu wa shukrani. Kuyatamania mwisho mbaya ni kuutukana mzizi wa mtu mwenyewe. Kwa maneno mengine, dawa ya husuda ambayo riwaya hii inaipendekeza ni deni. Anayejua kwamba anadaiwa na mtu hawezi kwa urahisi kumwonea kijicho.

Uaminifu wa kiuhakiki unadai kwamba udhaifu wa riwaya nao utajwe. Katika kizazi cha baadaye, mapacha Vera na Becky wanawekwa kama mizani. Becky ni mrembo, anampokonya dada yake mpenzi, anaolewa na mzungu na kuishi kwa anasa. Vera anashika njia ya ibada. Becky anakufa kwa UKIMWI. Hapa msuko unakaribia kulirudia jibu la pili, lile la mpanda ngazi. Msomaji anayetaka kuridhika anapewa nafasi ya kuridhika, na madhara yake si ya kifani peke yake: katika mwambao ulioumizwa vibaya na ugonjwa huo, kuufanya mwisho wa mhusika kuwa hukumu kungewagusa wagonjwa wengi wasio na hatia. Kinachoiokoa riwaya ni kwamba haikomei kaburini. Watoto wa Becky wanachukuliwa na kulelewa katika nyumba ya Aoro, ndugu wa mama yao, na mkewe Wandia. Mwisho wa mwenye anasa haugeuki kuwa karamu ya wenye haki. Unageuka kuwa kazi yao. Si ajabu kwamba mwandishi mwenyewe alitumikia katika hospitali iliyowatunza yatima wenye virusi vya UKIMWI.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba husuda ya muumini kwa asiyeamini haitokani na upungufu wa imani peke yake, bali na imani iliyokipokea kipimo cha ujira na kumtazama jirani kama mke mwenza. Jibu la mafanikio huikuza husuda hiyo, na jibu la mwisho wa waovu huihifadhi. Jibu linalofaa lina masharti matatu: muumini atenganishe husuda na madai ya haki, asije akanyamazia jaboya kwa jina la utakatifu; akichague upya kile anachokiita chema, kama alivyofanya Peter; na akubali deni lake kwa wasioamini waliomtangulia.

Sharti la tatu ndilo gumu zaidi kwa vizazi vya sasa, kwa kuwa mabibi wa namna ya Akoko wamekwisha kuzikwa, na Mkristo wa Kisumu leo aweza kuishi bila kumkumbuka asiyeamini hata mmoja aliyemfaa. Hapo ndipo uhakiki wa fasihi hizi unapokuwa na kazi ya kufanya nje ya darasa. Msomaji akikutana na mhusika asiyesali lakini aliyestawi kwa haki, na akajikuta anasubiri kurasa za mbele zimwangushe, amejifunza jambo kuhusu imani yake mwenyewe ambalo mahubiri mengi hayakumwambia.